Kila Mwamba Ngoma: Maoni Kuhusu Mwaka Bora Zaidi katika Historia ya Sinema

Utangulizi

Kuna mzozo mmoja ambao wapenzi wa sinema hawachoki kuufufua: ni mwaka gani uliozaa filamu bora kuliko miaka mingine yote? Kwa muda mrefu jibu lililozoeleka, hasa miongoni mwa wahakiki wa Marekani, limekuwa 1939. Wapo wanaoutaja 1962, wapo wanaoushikilia 1974, na wapo wanaoutetea 1999. Mnamo 2019 mwandishi wa Marekani, Brian Raftery, alichapisha kitabu kizima kuhusu mwaka huo wa mwisho. Mtu anaweza kuuchukulia mzozo huu kama gumzo la barazani, la kupitishia wakati kahawa ikipoa. Mimi siuoni hivyo. Mwalimu wa fasihi anayewasikiliza watu wakibishana juu ya mwaka bora husikia, nyuma ya maneno yao, maswali ya kazi yake ya kila siku: kazi bora ni ipi? Nani huitangaza kuwa bora? Na huitangaza kwa kigezo gani?

Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba ubora wa mwaka haumo ndani ya filamu zenyewe. Ni hukumu inayotolewa na hadhira fulani, aghalabu baada ya miaka mingi, nayo huvutia upande wa anayeitoa. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hata hivyo, sipendi kuishia kwenye kauli kwamba kila mtu ana mwaka wake, maana kauli hiyo humwondolea mhakiki wajibu wa kuhakiki. Nitazipima kwanza nguvu za 1939 na mipaka yake, kisha nitaupendekeza mwaka mwingine, nikitaja kigezo changu waziwazi ili msomaji apate pa kunipinga.

Dai la 1939

Haki ni kumsikiliza mdai kabla ya kumhukumu. Wanaoutetea 1939 wana ushahidi mzito. Miongoni mwa filamu kumi zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka huo mna *Gone with the Wind*, *The Wizard of Oz*, *Stagecoach* ya John Ford, *Mr. Smith Goes to Washington* ya Frank Capra, *Ninotchka* ya Ernst Lubitsch, *Wuthering Heights* ya William Wyler na *Of Mice and Men* ya Lewis Milestone. Nje ya Marekani, Ufaransa ilitoa *La Règle du jeu* ya Jean Renoir, na Japani ikatoa *Zangiku monogatari* ya Kenji Mizoguchi. Si rahisi kuutaja mwaka mwingine wa enzi hiyo uliokuwa na mavuno kama haya.

Sisi wa fasihi tuna sababu ya ziada ya kuutazama mwaka huo. Angalau tano kati ya filamu zile kumi zilitokana na vitabu: riwaya ya Margaret Mitchell ya 1936, ya Emily Brontë ya 1847, ya John Steinbeck ya 1937, ya L. Frank Baum ya 1900, na kitabu kifupi cha James Hilton cha 1934 kuhusu mwalimu Chips. Anayefundisha uhusiano wa riwaya na filamu atapata humo mifano ya kumtosha muhula mzima.

Lakini mavuno hayo yalitokana na nini? Sauti ilikuwa imeingia katika sinema mwaka 1927, na kufikia 1939 mafundi walikuwa na miaka kumi na miwili ya kuizoea. Rangi za Technicolor zilikuwa zimefikia hatua ya kubeba maana. Anayemkumbuka Dorothy akifungua mlango na kutoka katika Kansas isiyo na rangi ili aingie Oz anajua ninalolisema. Watu wenye vipawa waliotoroka Ulaya ya Hitler walikuwa wamehamia California. Billy Wilder, mmoja wa waandishi wa *Ninotchka*, ni mmojawapo. Zaidi ya yote, kampuni chache kubwa ziliwamiliki waigizaji kwa mikataba, zikawaajiri waandishi na mafundi kwa mishahara, na zikawa na kumbi zao wenyewe za kuonyeshea filamu. Utaratibu huo ulianza kuvunjwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1948.

Tuchukue mfano wa Victor Fleming. Jina lake ndilo lililoandikwa kama mwongozaji wa *Gone with the Wind* na pia wa *The Wizard of Oz*. Msomaji wa haraka atasema: fahali gani huyu, aliyezaa kazi mbili kuu katika mwaka mmoja! Ukweli ni kwamba *Gone with the Wind* ilianzwa na George Cukor, Fleming akaipokea, na uchovu ulipomzidi Sam Wood akamshikia zamu. Nazo sehemu za Kansas katika *The Wizard of Oz* ziliongozwa na King Vidor baada ya Fleming kuitwa kwenda kuinusuru ile kazi nyingine. Kilichofanya kazi hapa ni kiwanda. Sisemi hivi kwa dharau. Sanaa nyingi njema zimetoka viwandani, na hata tenzi zetu za kale zilipitia mikono ya wanakili wengi kabla ya kutufikia. Ninalosisitiza ni kwamba mwaka wa kalenda ni kipimo cha biashara na cha tuzo. Kampuni hufunga hesabu kwa mwaka, na kamati ya tuzo huhesabu kwa mwaka. Msanii hatungi kwa mwaka, na mtazamaji hatazami kwa mwaka.

Ukuu unaokuja baadaye

Jambo la pili huwa halitajwi sana na watetezi wa 1939. Baadhi ya filamu wanazozitegemea hazikuwa kuu mwaka huo. *The Wizard of Oz* haikurudisha gharama zake ilipotoka mara ya kwanza. Ilianza kuingia katika kumbukumbu ya taifa zima baada ya kuonyeshwa kwenye televisheni tarehe 3 Novemba 1956, na kurudiwarudiwa miaka iliyofuata mpaka watoto wakaihesabu kama sehemu ya sikukuu zao.

Kisa cha *La Règle du jeu* kinafunza zaidi. Ilipozinduliwa Paris mnamo Julai 1939 ilizomewa. Ikakatwakatwa, kisha, vita vilipoanza, ikapigwa marufuku kwa madai kwamba ilivunja moyo wa taifa. Mkanda wake asilia uliteketea wakati wa mabomu. Ni mwaka 1959 ambapo wapenzi wake, kwa idhini ya Renoir, walifaulu kuviunganisha vipande vilivyosalia na kuirejesha karibu na umbo lake la awali. Mwaka 1972 wahakiki waliopiga kura katika jarida la *Sight and Sound* waliiweka ya pili miongoni mwa filamu zote. Je, filamu hii ni ya mwaka gani? Ya 1939, ilipotengenezwa na kukataliwa, au ya 1959, ilipofufuliwa na kupokewa?

Waliosoma nadharia ya upokezi watamkumbuka hapa Hans Robert Jauss, ambaye mnamo 1967 alidai kwamba historia ya fasihi haiwezi kuandikwa kwa kupanga kazi kwa tarehe zake tu, bila kuzingatia upeo wa matarajio wa wale wanaozipokea. Dai hilo halikuwa geni kwangu nilipolisoma chuoni, kwa kuwa nilikulia Mombasa, na mtoto wa Mombasa aliyezaliwa miaka mitano baada ya *Sholay* hakuiona mwaka ilipotoka. Filamu hiyo ya Ramesh Sippy ilizinduliwa Bombay tarehe 15 Agosti 1975. Mimi niliiona mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika ukanda wa video uliochakaa kiasi kwamba mvua ilikuwa ikinyesha kwenye kioo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwetu sisi tuliobanana katika sebule ile, Gabbar Singh alikuwa mpya. Tulimwiga shuleni kesho yake. Hakuna aliyeuliza mwaka.

Baadaye nilipoanza kuisoma sinema kitaaluma, nilitambua kwamba ile picha ya jamaa inayouawa mbele ya nyumba yake imekopwa kutoka filamu ya Sergio Leone ya 1968, *C'era una volta il West*, na kwamba wazo la mashujaa wanaokodiwa kukilinda kijiji linarudi nyuma hadi *Shichinin no samurai* ya Akira Kurosawa ya 1954. Katika sebule moja ya Mombasa, usiku mmoja, palikutana 1954, 1968, 1975 na mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka, basi, hauna ukuta. Kazi moja huingia ndani ya nyingine kama mto unavyopokea vijito.

"Sisi tulikuwa wapi?"

Miaka michache iliyopita, katika semina ya uzamili kuhusu fasihi na filamu, niligawa orodha ya filamu za 1939 na kuwaomba wanafunzi waulinde au waupinge ubingwa wa mwaka huo. Walibishana vizuri. Kisha mmoja wao, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akauliza: "Mwalimu, mwaka huo sisi tulikuwa wapi?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lina jibu, na jibu hilo limeandikwa katika historia.

Mwaka huohuo wa 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, ili kitengeneze filamu za kuwaonyesha watu wa makoloni yake. Kabla ya hapo, kati ya 1935 na 1937, palikuwa na mradi wa majaribio uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, uliotoa filamu 35 za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Kitengo kipya kiliongozwa na William Sellers, aliyeamini kwamba Mwafrika hawezi kuifuata filamu ya kawaida. Kwa mujibu wa imani hiyo, filamu za kumwonyesha zilipaswa kwenda polepole, picha ikae muda mrefu, mikato iwe michache, na hila za kamera ziachwe kabisa, maana jicho lake lingechanganyikiwa.

Nadharia hii ilikuwa ikitolewa wakati ambapo watu wa Unguja walikuwa wakijaza kumbi za sinema tangu miaka ya 1920, wakizitazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani, na kuzijadili vibarazani kwa ustadi. Utafiti wa Laura Fair, uliochapishwa kama kitabu mwaka 2018, umeonyesha jinsi hadhira za miji ya Tanzania zilivyokuwa na ladha, uteuzi na masimulizi yake. Jicho halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika maelezo ya aliyelitazama.

Upande wa makoloni ya Ufaransa mambo hayakuwa afadhali. Amri ya 1934, iliyojulikana kwa jina la waziri Pierre Laval, ilimtaka anayetaka kupiga filamu katika makoloni hayo ya Afrika apate kwanza idhini ya serikali. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra na wenzake walipotaka kutengeneza *Afrique-sur-Seine* mwaka 1955, waliipiga Paris. Ukweli huu ukizingatiwa, mashindano ya 1939 yanafanana na mbio ambazo baadhi ya wakimbiaji walizuiwa na sheria wasifike uwanjani, kisha waliokimbia wakapongezwa kwa kuwa hawakuwa na wapinzani.

Hata ndani ya Marekani kwenyewe uwanja haukuwa sawa. *Gone with the Wind* ilipozinduliwa Atlanta tarehe 15 Desemba 1939, Hattie McDaniel, aliyeigiza kama Mammy, hakuwepo, kwa sababu sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia hazikumruhusu kuketi na wenzake. Tarehe 29 Februari 1940 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Oscar. Ili kuipokea aliinuka kutoka katika meza ndogo aliyotengewa, mbali na waigizaji wenzake weupe. Mhakiki anayeuita mwaka huo bora kuliko yote na asiitaje meza ile atakuwa amehakiki fani na kuyaacha maudhui mlangoni.

Kigezo na wapigakura

Yupo atakayesema kwamba ninachanganya siasa na ujumi. Kwamba uzuri wa picha za Ford haupungui kwa sababu ya amri ya Laval. Nakubali kwamba haupungui. Lakini swali lililoulizwa halihusu filamu moja. Linahusu mwaka bora katika historia ya sinema yote, na neno "yote" lina uzito wake. Anayelitumia lazima aonyeshe kwamba amehesabu wote.

Ushahidi kwamba hukumu hubadilika wahesabuji wanapoongezeka tunao. Katika kura ya *Sight and Sound* ya 2012 walishiriki watu 846. Mwaka 2022 walioalikwa na kushiriki walifika 1,639, na filamu iliyoshika nafasi ya kwanza ikawa *Jeanne Dielman* ya Chantal Akerman, ya 1975, yaani kazi ya mwanamke kuhusu kazi za nyumbani za mwanamke. Filamu yenyewe haikuwa imebadilika hata picha moja. Waliobadilika ni wapigakura.

Nikiulizwa: 1968

Kigezo changu ni hiki: mwaka bora ni ule ambao sinema ilipanua zaidi mipaka ya nani anaweza kusema, kwa lugha gani, na kwa umbo gani. Kwa kigezo hicho naupendekeza 1968.

Kwa upande wa umbo, ndio mwaka wa *2001: A Space Odyssey* ya Stanley Kubrick, ambayo kwa zaidi ya dakika ishirini za mwanzo haina mazungumzo hata kidogo. Ndio mwaka wa filamu ya Leone niliyoitaja, itakayozaa visa huko Bombay. Kwa upande wa nani anasema, Kuba ilitoa *Memorias del subdesarrollo* ya Tomás Gutiérrez Alea, na Argentina ikatoa *La hora de los hornos* ya Fernando Solanas na Octavio Getino, iliyoonyeshwa nchini mwao kwa siri. Marekani nayo ilitoa *Night of the Living Dead* ya George Romero, ambamo mhusika mkuu ni Mwafrika-Mmarekani, Duane Jones, bila mtu yeyote katika kisa kulizungumzia jambo hilo.

Lakini sababu yangu kubwa ni *Mandabi* ya Ousmane Sembène. Sembène alikuwa tayari mwandishi mwenye sifa, ambaye riwaya yake kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ilichapishwa mwaka 1960. Aliandika kwa Kifaransa, akatambua kwamba wengi wa watu aliowaandika hawangeweza kumsoma. Akaenda Moscow kujifunza kazi ya filamu. *La Noire de...* ya 1966, iliyotokana na hadithi yake fupi ya 1962, bado ilizungumza Kifaransa. Hata mawazo ya ndani ya kijakazi Diouana tunayasikia kwa lugha ya waliomtumikisha. Miaka miwili baadaye, katika *Mandabi*, watu wa Dakar walizungumza Kiwolofu. Ilipigwa kwa lugha mbili kutokana na masharti ya ufadhili, lakini ile ya Kiwolofu ndiyo iliyoishi.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Ibrahima Dieng anapata hawala ya posta kutoka kwa mpwa wake aliye Paris. Ili apewe fedha hizo anahitaji kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa. Ili apate cheti anahitaji kujua tarehe aliyozaliwa. Majirani wanakopa kwa matumaini ya fedha ambazo bado hazijaonekana, na wasomi wanamzunguka. Mkenya yeyote aliyewahi kupanga foleni mbele ya dirisha la ofisi hahitaji mfasiri wa tafsida hii. Na angalieni kinachomwangamiza Dieng: ni tarehe. Hajui mwaka wake, na dola haimtambui mtu asiyekuwa na mwaka.

Kuna sababu moja tena, iliyo karibu nasi. Tarehe 24 Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na kuundwa idara nyingine ambayo ingeiweka fasihi ya Kiafrika katikati na kuzitazama nyingine kutoka hapo. Sidai kwamba waraka huo ulijua habari za *Mandabi*. Nasema tu kwamba, katika mwaka mmoja, Dakar na Nairobi waliuliza swali moja: kitovu kiko wapi? Idara tunazofundishia leo ni matunda ya swali hilo.

Najua pingamizi zinazoweza kunikabili. Kwanza, nami naivutia ngozi kwangu. Naam, naivuta, na nimeonyesha mkono wangu ninapoivuta. Hilo ndilo ninalolidai kwa watetezi wa 1939. Pili, ninayemtukuza Sembène sina filamu ya Kiswahili ya mwaka huo ya kuiweka kando ya *Mandabi*. Hilo ni kweli, na linauma. Kiwolofu kina wasemaji wachache kuliko Kiswahili, lakini kilipata mtunzi aliyekiamini mapema. *Arusi ya Mariamu*, iliyotengenezwa Tanzania mwaka 1985, ni dalili njema, ila ni filamu fupi, na wengi wa wanafunzi wetu hawajawahi kuisikia.

Hitimisho

Mzozo wa mwaka bora hautaisha, na sioni haja ya kuumaliza. Una faida darasani, mradi tu mwalimu asiugawe kama orodha iliyokwisha kukamilika. Kozi inayoanza na filamu kumi za 1939 bila maelezo humfundisha mwanafunzi wetu, kimyakimya, kwamba sinema ilifikia kilele chake kabla wazee wake hawajaruhusiwa kushika kamera, na kwamba yeye kazi yake ni kustaajabu. Kozi hiyohiyo, ikiiweka *Stagecoach* kando ya filamu za Vugiri na ikaifikisha safari hadi *Mandabi*, humfundisha kuuliza jicho la kamera ni la nani na linamtazama nani.

Kwa hiyo, kwa wenzangu wanaotayarisha mihtasari ya muhula ujao, pendekezo langu ni dogo na linatekelezeka. Kila filamu ipewe tarehe mbili: mwaka ilipotengenezwa, na mwaka ilipotufikia. Nafasi iliyo kati ya tarehe hizo mbili ndiyo historia yetu ya sinema, na bado haijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili.